Arobaini Nyuma, Thelathini na Mbili Mbele

Alfajiri, kwenye barabara yoyote inayoingia mjini kutoka vijijini, hupita baiskeli ambayo mwenyewe haonekani. Yanaonekana magunia mawili ya mkaa, pengine matatu, yaliyofungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na nyuma yake miguu miwili inayosukuma. Baiskeli ni ile kubwa ya inchi 28, ya chuma tupu, breki za fito, iliyoundwa India au China kwa umbo la Kiingereza. Wakenya huiita Black Mamba. Atakayeisimamisha na kuhesabu spoku zake, kama mwenye mkaa ana subira, mara nyingi atakuta gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma lina 40.

Hesabu hiyo haikuja kwa kubahatisha. Ni desturi ya zamani ya viwanda vya Uingereza, iliyofika huku pamoja na baiskeli za Raleigh na ndugu zake. Nchi nyingine za Ulaya, na Marekani pia, zilipendelea 36 mbele na 36 nyuma. Ukijumlisha, kote unapata 72, na kiwanda kimetumia waya uleule. Tofauti ni kwamba Mwingereza alizigawa kwa kufuata mzigo, na mwenzake alizigawa sawa kwa sawa kama urithi wa mapacha.

Sura hii inahusu baiskeli ya ukoo mwingine kabisa: ya mbio, nyepesi, ya tairi jembamba, yenye magurudumu yaliyosukwa na fundi kwa mkono ili yamfae mtu mmoja. Mteja wa magurudumu ya namna hiyo hukabiliwa na maswali mengi: ringi ya alumini au kaboni, yenye kina gani, upana gani, spoku ngapi. Lakini linalopaswa kutangulia ni lile la mkaa. Mzigo uko wapi?

Uko nyuma. Hata mwendeshaji aliyeinama juu ya usukani kama anatafuta sarafu barabarani huliachia gurudumu la nyuma zaidi ya nusu ya uzito wake, kiasi cha asilimia 55 hadi 60. Gurudumu hilohilo ndilo linalovutwa na mnyororo. Na kuna jambo la tatu, ambalo jicho halilioni kwa urahisi lakini sikio hulinasa mara moja.

Pindua baiskeli ya mbio, isimame kwa tandiko. Chagua spoku moja ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, ule wa gia, uidonoe kwa ukucha. Itatoa sauti ya juu, kali. Sasa donoa ya kushoto. Sauti imeshuka, nzito, kama umehama waya wa zeze. Wapo wanaodhani hapo fundi alichoka njiani. Hakuchoka. Gurudumu la nyuma limeumbwa hivyo.

Kaseti ya gia, ile seti ya vigurudumu vya meno, inataka nafasi, na nafasi hiyo huchukuliwa upande wa kulia wa habu, kitovu cha gurudumu. Kwenye habu ya kawaida ya breki za kubana ringi, yenye upana wa milimita 130, sahani ya kulia inayoshika spoku husukumwa ndani hadi ikabaki kama milimita 17 au 18 kutoka katikati. Ya kushoto inakaa kwa raha kwenye milimita 36 hivi. Ringi nayo lazima iwe katikati ya fremu. Mtu wa pwani ataelewa haraka akiukumbuka mlingoti wa jahazi: kamba moja imefungwa mbali na mguu wa mlingoti, nyingine imefungwa karibu. Ili mlingoti usimame wima, kamba ya karibu lazima ivute kwa nguvu maradufu. Kwa hiyo fundi akikaza spoku za kulia hadi kilo 120 kila moja, yaani zaidi ya mifuko miwili ya saruji ikining'inia kwenye waya wa milimita mbili, za kushoto huishia kilo 60 tu. Akizidisha kushoto, ringi inahama.

Mambo hayakupata nafuu kwa miaka. Kila gia iliyoongezwa ilidai nafasi yake. Kampuni ya Shimano ilipoleta gia 11 za baiskeli za barabarani mwaka 2012, mwili wa kubebea kaseti ulirefuka kwa milimita 1.8, na kwenye habu nyingi milimita hizo zilikatwa kwa sahani ya kulia, iliyokwisha kubanwa tayari.

Ndiyo maana anayeanza kwa kuuliza “niweke spoku ngapi?” kana kwamba magurudumu ni mamoja, ameuliza nusu ya swali. Gurudumu la mbele la breki za ringi lina sahani zenye nafasi sawa pande zote, halivutwi na mnyororo, na limebeba mzigo mdogo. Kulipatia idadi sawa na la nyuma ni ama kulipatia zaidi ya linavyohitaji, ama kumnyima mwenzake.

Walionyimwa walikuwa wengi. Miaka ya 1980 viwanda vilianza kuuza baiskeli za kawaida zenye spoku 32 mbele na 32 nyuma, hesabu ambayo zamani ilikuwa ya magurudumu ya mashindano. Ikasifiwa kuwa ni wepesi. Ni kweli, wepesi upo. Spoku moja ya kisasa pamoja na nati yake ina uzito wa gramu 6 au 7. Punguza 8 kwenye baiskeli nzima, umeokoa uzito wa yai moja la kuku.

Lakini spoku chache maana yake si wepesi tu. Inafaa kujua kwanza waya hizo zinafanya kazi gani. Gurudumu la mkokoteni wa zamani lilisimama juu ya mti: mhimili unabonyeza kipande cha mbao kilichoko chini yake. Waya hauwezi kubonyezwa, ukiusukuma unajikunja. Mfaransa Eugène Meyer alipata hataza ya gurudumu la waya jijini Paris mwaka 1869, na miaka mitano baadaye Mwingereza James Starley akaja na mtindo wa spoku zinazopishana, ambao mpaka leo ndio wa kila baiskeli ya mkaa na nyingi za mbio. Siri yao ni moja: waya zote zinakazwa kabla mzigo haujapanda. Ringi inabanwa kutoka kila upande. Mzigo ukikaa juu yake, spoku chache zilizo chini kabisa, nne au tano hivi, hulegea kidogo. Nyingine karibu hazina habari. Mhandisi wa Marekani Jobst Brandt alilieleza hilo kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1981, *The Bicycle Wheel*, na bado wapo mafundi wanaolibishia.

Kulegea huko ndiko kunakoua spoku. Watu wengi husema “imekatika kwa sababu ilikazwa mno.” Mara chache sana. Hukatika kwa uchovu, na karibu daima kwenye kiwiko, pale inapojipinda kuingia kwenye habu. Tairi la milimita 25 huzunguka mara moja kila mita 2.1 hivi. Katika kilomita 1,000 kila spoku imelegea na kukaza zaidi ya mara 470,000. Mtoto yeyote aliyewahi kuunda gari la waya anajua mwisho wa waya unaokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja. Ikiwa spoku ilikazwa vya kutosha, kulegea kwake ni kutoka kilo 100 hadi kilo 70, na haitikisiki. Ikiwa ilikuwa legevu tangu mwanzo, kama zile za kushoto nyuma, inafika sifuri, inacheza ndani ya tundu, nati inajifungua yenyewe, na kiwiko kinaanza kufa.

Hapa ndipo idadi inapoingia. Ringi ya spoku 36 ina waya kila baada ya milimita 52 hivi; ya spoku 20 ina pengo la milimita 94. Mzigo uleule sasa unashikwa na waya chache, kila mmoja unalegea zaidi kwa kila mzunguko. Na siku mmoja ukikatika, pengo linakuwa la sentimita 19. Kwenye gurudumu la 36, mwendeshaji anatoa spana ya spoku mfukoni, analegeza jirani mmoja, anakaza mwingine, anafika nyumbani. Kwenye la 20, ringi inaweza kukwama kwenye breki au hata kwenye fremu, na safari imekwisha.

Kwa hiyo ongeza unene wa spoku? Hapana, na hili huwashangaza wengi. Spoku nzuri huwa imekondeshwa katikati: milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili, 1.8 au chini ya hapo katikati. Waya mwembamba hunyumbuka zaidi ukikazwa, hivyo ringi ikibonyea bado una akiba ya mvuto. Waya mnene una ukaidi. Ringi ikibonyea kidogo tu, umelegea wote. Kuna hata spoku zilizobanwa zikawa bapa kama wembe, mfano CX-Ray ya Sapim kutoka Ubelgiji, yenye unene wa milimita 0.9, na zimejijengea jina la kudumu kuliko waya mnene wa bei rahisi. Fundi mzoefu huchanganya: anaweka zenye mwili kiasi kulia nyuma, na nyembamba zaidi kushoto. (Ile nene ya duka la vipuri ikishastaafu bado ina kazi. Wachoma mishikaki wa mitaani wanaipenda.)

Upande wa pili wa mizani ni ringi. Ringi yenye kina kifupi, tuseme milimita 20, hubonyea kwa urahisi, na bonyeo lake huangukia waya mbili au tatu. Ringi ya kina cha milimita 45 au 50 ni ngumu mara nyingi zaidi kwenda juu na chini, hivyo huutawanya mzigo kwa waya nyingi zaidi. Hiyo ndiyo ruhusa ya kupunguza spoku. Si kwamba waya zimekuwa hodari. Ringi ndiyo iliyobeba kazi yao.

Historia ya ringi ina visa vyake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1934, wakati ringi za mbao zilikuwa ndizo za kawaida, kampuni ya Mavic ya Ufaransa ilimpa Antonin Magne ringi za aloi ya alumini zilizopakwa rangi zifanane na mbao, ili wapinzani wasishtuke. Magne alishinda Tour de France mwaka huo. Miongo mingi baadaye Mavic hiyohiyo ilitoa Open Pro, ringi ya alumini ya gramu 430 hivi, kina kifupi, ambayo kwa spoku 32 ilisukwa na mafundi wa dunia nzima kama pilau inavyopikwa kwenye harusi: hakuna aliyeuliza kwa nini. Kaboni ilichelewa kuaminiwa kwenye njia mbaya. Kwenye mawe ya mbio za Paris–Roubaix, waendeshaji waliendelea na ringi za alumini za spoku 32 mpaka Fabian Cancellara alipoibuka mshindi mwaka 2010 juu ya kaboni.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulifika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Wanaume walikimbia kilomita 267.5, wakapanda jumla ya zaidi ya mita 5,000, pamoja na mlima wa mawe wa Kimihurura uliowarudia mzunguko kwa mzunguko. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Watazamaji wengi walirudi nyumbani wakiyatamani magurudumu waliyoyaona: ringi za kaboni zenye kina kirefu, spoku za kuhesabika. Tamaa hiyo inaeleweka. Ila mkimbiaji wa Kigali ringi ikipinda huinua mkono, na gari la timu linamletea gurudumu jingine. Mwendeshaji wa kawaida akiinua mkono pale Chalinze atasimamisha basi. Hata sheria za chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, zinazoruhusu gurudumu la mbio kuwa na spoku 12 tu, ziliandikwa kwa ajili ya mbio. Hazikuandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi Jumatatu.

Basi ngapi? Mafundi hawakubaliani neno kwa neno, lakini wengi huzunguka humuhumu. Mtu wa kilo 60, lami nzuri, ringi ya alumini yenye kina cha milimita 30: 20 mbele na 24 nyuma zinamtosha. Wa kilo 75 au 80: 24 na 28. Aliyevuka kilo 90, au anayepita barabara za viraka: 28 na 32, na asione haya. Anayefunga mizigo na kusafiri siku nyingi: 32 na 36. Baiskeli ya watu wawili hurudi kwenye 40 ya mkaa, au kuipita. Kwa breki za ringi, tofauti ya nne kati ya mbele na nyuma ni adabu ndogo kabisa ambayo gurudumu la nyuma linastahili.

Viwanda vikubwa vimetafuta njia nyingine za kulifuta kombo la nyuma. Campagnolo ya Italia huweka spoku mbili kulia kwa kila moja ya kushoto. Kwenye gurudumu lao la spoku 21, 14 ziko kulia na 7 kushoto, na hizo 7 sasa zinavuta kwa nguvu karibu sawa na wenzao. Kwa anayesuka kwa mkono, njia rahisi zaidi ni ringi ambayo matundu yake hayako katikati bali yamesogezwa milimita mbili au tatu kushoto, mfano ile Aerohead ya Velocity yenye matundu ya upande. Milimita tatu zinaonekana si kitu. Lakini upande wa kulia, palipokuwa na 17, sasa kuna 20, na spoku za kushoto zinaamka usingizini. Kwa bei ileile, hakuna ununuzi bora zaidi kwenye gurudumu la nyuma.

Breki za diski zimevuruga hesabu hii kidogo. Diski yenyewe hukaa kushoto, hivyo habu ya mbele nayo sasa imesukumwa upande mmoja, na nguvu yote ya kusimama hupita kwenye spoku badala ya kuishia kwenye ringi. Spoku za mbele zilizonyooka moja kwa moja kutoka habu hadi ringi, zilizokuwa fahari ya baiskeli za mbio, hazifai hapo, lazima zipishane. Na 20 mbele ni chache. Kwenye diski, 24 mbele na 24 nyuma, au 28 na 28, si uvivu tena wa kiwanda. Ni jibu la haki, kwa sababu magurudumu yote mawili sasa ni kombo.

Upana wa ringi nao umebadilika. Open Pro ya zamani ilikuwa na milimita 15 kwa ndani. Ringi za leo zina 19, 21, hata 25, kwa sababu matairi yamenenepa. Ringi pana hulifanya tairi likae vizuri, lakini ringi zisizo na kulabu za kushika ukingo wa tairi zina mipaka isiyo ya mzaha: shinikizo lisizidi baa 5, na tairi lisiwe jembamba kuliko kipimo ambacho mtengenezaji ametaja. Februari 2024, kwenye UAE Tour kule Ghuba, Mbelgiji Thomas De Gendt aligonga jiwe. Tairi la milimita 28 likang'oka kwenye ringi ya aina hiyo yenye milimita 25 kwa ndani, naye akaanguka. Mjadala uliofuata bado haujatulia. Mtu mzito anayependa kujaza upepo mpaka tairi liwe jiwe achague ringi yenye kulabu, aache ubishi kwa wengine.

Jambo jingine ni dogo, lakini limepoteza pesa za wengi. Neno “inchi 28” lina maana mbili. Ringi ya baiskeli ya mkaa ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa. Ya baiskeli ya mbio, ambayo nayo huitwa 28 au 700C, ina 622. Tairi la moja halikai kwa nyingine hata kwa nyundo. Usiamini jina la dukani, soma tarakimu zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Na idadi ya matundu ya ringi lazima ilingane na ya habu, kwa hiyo anayenunua habu kwanza kwa sababu zilikuwa na punguzo la bei ameshachagua idadi ya spoku bila kujua.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, nati za spoku ziwe za shaba ya njano. Za alumini ni nyepesi na zina rangi nzuri, lakini chumvi ya hewani huzigandisha kwenye spoku, na siku fundi akitaka kunyoosha ringi zinapasuka mikononi mwake.

Mwisho kabisa, spoku za akiba. Gurudumu la nyuma lina urefu wa aina mbili, za kulia zikiwa fupi kwa milimita mbili hivi, na la mbele mara nyingi lina urefu wake. Wala usitegemee kuzipata kwa fundi wa kona, ambaye kopo lake limejaa za Black Mamba. Siku ya kuchukua magurudumu mwombe aliyeyasuka akuandikie vipimo vyote vitatu kwenye karatasi, kisha nunua spoku mbili za kila kipimo, na nne za kulia nyuma.